Van der Graaf Generator: Bendi iliyohifadhiwa na mashabiki wake

MWALIMU yeyote wa fizikia anaijua mashine ya Van de Graaff. Ni tufe la chuma lililokaa juu ya mguu mrefu, na ndani ya mguu huo mkanda unazunguka na kupandisha umeme hadi unajazana juu ya tufe. Mwanafunzi akiligusa huku amesimama juu ya kitu kisichopitisha umeme, nywele zake husimama wima na darasa zima huangua kicheko. Mashine hiyo ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanafizikia wa Marekani, Robert Van de Graaff.

Wapo pia watu ambao hawajawahi kukanyaga maabara, lakini jina hilo wanalijua vizuri. Mwaka 1967, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Manchester huko Uingereza, Peter Hammill na Chris Judge Smith, walianzisha bendi ya muziki wa roki na kuipa jina la mashine hiyo. Walilikosea kuliandika. Badala ya Van de Graaff wakaandika Van der Graaf, na bendi ikajulikana hivyo hadi leo: Van der Graaf Generator.

Nchini kwetu sidhani kama wanaoijua wanazidi vidole vya mikono miwili. Hata Uingereza kwenyewe haikuwa bendi ya kila nyumba. Lakini ina mashabiki lialia ambao wameishikilia kwa zaidi ya miaka hamsini, na leo napenda kuwasimulia wasomaji habari za mashabiki hao zaidi ya habari za wanamuziki wenyewe. Naamini kuna jambo ambalo sisi watu wa ukanda huu tunaweza kujifunza kwao.

Muziki usio na haraka

Kwanza tuelewane juu ya aina ya muziki wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wengi wa Uingereza walichoshwa na wimbo wa roki wa dakika tatu. Walitaka wimbo uweze kwenda dakika kumi au ishirini, ubadilike katikati, uchukue kitu kutoka muziki wa kanisani, wa jazz na wa okestra kubwa za Ulaya. Mtindo huo ukaitwa roki ya progresivu. Bendi zake zinazojulikana zaidi duniani ni Pink Floyd, Genesis, Yes na King Crimson.

Van der Graaf Generator walikuwa ndani ya kundi hilo, lakini pembeni yake. Roki kwa kawaida husimama juu ya gitaa. Wao walisimama juu ya ogani na saksafoni. Hugh Banton alipiga ogani. David Jackson alipuliza saksafoni, na mara nyingine alizipuliza mbili kwa wakati mmoja. Guy Evans alikuwa kwenye ngoma. Mpiga besi wao, Nic Potter, alipoondoka mwaka 1970, hawakuhangaika kutafuta mwingine wa kudumu: Banton akawa anapiga besi kwa miguu, kwa kukanyaga pedali za ogani yake. Juu ya yote hayo iliruka sauti ya Hammill, ambayo huanza kwa mnong'ono na kumalizikia kwenye ukelele.

Mashairi yao pia yalikuwa ya namna yake. Wenzao waliimba mapenzi. Wao waliimba upweke, hofu, kifo na sayansi. Albamu yao ya Desemba 1970 inaitwa H to He, Who Am the Only One. Mwanafunzi wa kemia atatambua mara moja kwamba H ni haidrojeni na He ni heliamu: viini vya haidrojeni vinapoungana na kuwa heliamu ndipo jua linapopata moto wake. Sijui bendi nyingine ngapi zimewahi kuweka somo la nyota kwenye jalada la santuri.

Kwao hawakuvuma sana. Albamu yao ya mwaka 1970, The Least We Can Do Is Wave to Each Other, ilifika namba 47 tu katika chati ya Uingereza. Mwanzoni mwa mwaka 1971 walizunguka nchi hiyo pamoja na Genesis na Lindisfarne, bendi tatu kwa tiketi ya shilingi sita za Kiingereza, na watu walijaa kwa sababu ya urahisi huo. Lakini umaarufu wao mkubwa ulikuwa unawangojea mahali pengine.

Nilikokutana nao

Familia yetu iliondoka Bujumbura mwaka 1993, nami nikiwa na miaka 14. Baada ya kuhangaika huku na huko tulipokewa Italia, katika mji wa Parma, na huko ndiko nilikomalizia masomo yangu. Parma ni nchi ya Verdi, yule mtunzi mkubwa wa opera aliyezaliwa katika kijiji cha jirani. Watazamaji wa jumba la opera la mji huo wanaogopwa na waimbaji, kwani mwimbaji akikosea hupigiwa miluzi bila huruma. Ni watu wanaouchukulia muziki kama wengine wanavyouchukulia mpira.

Profesa wetu wa fizikia (Waitalia huwaita hivyo walimu wote wa sekondari) siku moja alituwashia mashine ya Van de Graaff. Nywele ziliposimama na vicheko vilipokwisha, alituambia kwamba kulikuwa na bendi yenye jina hilo na kwamba yeye aliiona kwa macho yake mwaka 1972 akiwa na miaka 17. Wenzangu hawakujali. Mimi niliuliza swali. Kesho yake akaniletea kaseti.

Ilikuwa albamu ya Pawn Hearts ya mwaka 1971. Masikio yangu yalikuwa yamelelewa Buyenzi kwa rumba ya Kongo na taarab, hivyo sikuelewa kitu. Nilirudi kwa profesa, naye hakunieleza muziki. Alinieleza hadithi. Upande wa pili wa santuri hiyo, alisema, ni wimbo mmoja tu wa dakika 23 unaohusu mlinzi wa mnara wa taa baharini. Kazi yake ni kuwasha taa ili meli zisipasuke kwenye miamba. Hata hivyo anaona watu wakizama naye hana la kufanya. Yuko peke yake, amesalimika, na kusalimika huko kunamlemea.

Msomaji anayekumbuka mwaka 1993 hatahitaji nimweleze kwa nini nilirudi kuisikiliza kaseti ile. Nyumbani kwetu hatukuzungumzia waliobaki nyuma. Mama alikuwa akizima redio habari zikianza. Na hapa palikuwa na Waingereza wasionijua, walioimba kabla sijazaliwa, wakisema jambo ambalo katika nyumba yetu lilikuwa halina maneno.

Italia, mwaka 1972

Kupitia kwa profesa niliwafahamu mashabiki wengine wa rika lake. Kila mmoja alikuwa na mwaka 1972 wake, lakini mambo makuu yalifanana.

Pawn Hearts ilipotoka, Uingereza haikushtuka. Italia ikaipandisha hadi namba moja. Bendi iliyokuwa ikipiga kwenye kumbi za vyuo kwao ilipofika Italia mapema mwaka 1972 ikakuta maelfu ya vijana wakiisubiri. Ikarudi tena na tena mwaka huo huo. Genesis na Gentle Giant nao walipata mapokezi makubwa Italia wakati Uingereza ikiwa bado inasitasita juu yao.

Kwa nini Italia? Mashabiki niliowauliza walinipa majibu matatu. Wa kwanza alisema ni opera: mtu aliyekulia kwenye Verdi haogopi wimbo mrefu wenye mtu anayelia, anayekufa na anayefufuka. Wa pili alisema ni ogani: kila mtoto wa Kiitalia ameisikia kanisani, na ghafla akakutana nayo mahali ambapo padri hakuwapo. Wa tatu, mama mmoja aliyefanya kazi posta, alisema ni nyakati zenyewe. Vijana wa Italia walikuwa wakigombana na wazee wao, na serikali na wao kwa wao, na muziki uliokuwa na hofu ndani yake ulikuwa unasema kweli.

Huyo mama wa posta alinisimulia jinsi alivyonunua santuri kwa mshahara wake wa kwanza na kamusi ya Kiingereza kwa mshahara wa pili. Alikaa mezani jikoni miezi kadhaa akiyatafsiri mashairi neno baada ya neno. Kiingereza chake chote, alisema, kilitoka humo, na ndiyo maana aliweza kuzungumza juu ya mauti na ulimwengu lakini hakuweza kuagiza chakula hotelini.

Profesa yeye alikumbuka polisi. Julai 5, 1971, onyesho la Led Zeppelin mjini Milano lilikuwa limevunjika kwa fujo na mabomu ya machozi, na tangu hapo kila onyesho kubwa la roki lililindwa kama mkutano wa siasa. Nje palikuwa na vijana waliodai kuingia bure, kwa madai kwamba muziki ni mali ya watu. Ndani palikuwa na ogani ambayo, kwa maneno yake, haikusikika kwa masikio bali kwa kifua. Alimkumbuka Jackson na kofia yake ya ngozi, saksafoni mbili mdomoni. Alikumbuka kuikosa treni ya mwisho na kulala stesheni akiwa na furaha.

Kulikuwa pia na fundi wa baiskeli aliyedai kuwa alikuwapo katika onyesho lile lile. Yeye alikumbuka kwamba hapakuwa na polisi hata mmoja. Wawili hawa walibishana mbele yangu kwa muda mrefu, hadi fundi alipokwenda nyuma ya duka na kurudi na bahasha. Ndani yake mlikuwa na kipande cha tiketi. Tarehe haikuwa ile ya profesa. Kumbe walikuwa wakibishania maonyesho mawili tofauti, na kila mmoja alikuwa akisema kweli.

Kuvunjika na kunyamaza

Safari zile za Italia ziliwapa umaarufu na zikawamaliza nguvu. Agosti 1972, wakiwa wamechoka na mifuko mitupu, bendi ikavunjika. Walirudiana mwaka 1975 na kutoa albamu tatu kwa haraka: Godbluff, Still Life na World Record. Kisha Banton na Jackson wakaondoka, Potter akarudi, mpiga fidla Graham Smith akaingia, na mwaka 1978 mambo yakaisha tena.

Wakati huo roki ya progresivu ilikuwa imeanza kuchekwa. Vijana wa punk walisema ni muziki wa wazee wanaojidai. Hata hivyo, mwaka 1977 Johnny Rotten wa Sex Pistols, kinara wa punk mwenyewe, alipoalikwa na redio ya Capital ya London kupiga santuri anazozipenda, alipiga pia nyimbo za Peter Hammill. Mashabiki wa Italia waliipokea habari hiyo kama ushindi wa Kombe la Dunia.

Kuanzia hapo ilikuwa kimya cha miaka 27. Hammill aliendelea kutoa albamu zake binafsi karibu kila mwaka. Banton akawa mtengenezaji wa ogani. Jackson alikuwa mwalimu wa hisabati, na baadaye akajitolea kufundisha muziki kwa watu wenye ulemavu kwa kutumia chombo kiitwacho Soundbeam, ambacho hutoa mawimbi yasiyosikika na kuugeuza mwendo wa mkono, au hata wa kichwa tu, kuwa sauti ya muziki. Mimi kama mwalimu naihesabu kazi hiyo kuwa sawa na santuri zote alizopiga.

Na bendi ilikuwa wapi miaka yote hiyo? Ilikuwa kwa mashabiki. Walirekodiana kaseti. Walichapisha jarida lao lililoitwa Pilgrims, wakapashana habari za nani anapiga wapi. Walihifadhi tiketi, mabango na vipande vya magazeti. Mashabiki wawili, Jim Christopulos na Phil Smart, walikusanya kumbukumbu hizo pamoja na mahojiano na wanamuziki wenyewe, na mwaka 2005 wakachapisha kitabu kizima cha historia ya bendi. Hakuna chuo kikuu kilichowaagiza.

Nilijiunga na mlolongo huo bila kujua. Kaseti aliyonipa profesa niliinakili, nakala nikampa kijana mmoja Mkongo tuliyekuwa tukikaa jengo moja, naye akampa mwingine. Hatukuwa wa rika lile, hatukuwa wa nchi ile, na bendi yenyewe ilikuwa haipo. Lakini hakuna shabiki aliyewahi kuniuliza ninatokea wapi kabla ya kuniuliza wimbo niupendao. Kwa mtu aliyeulizwa karatasi zake kila alipokwenda, hilo halikuwa jambo dogo.

Walivyorudi

Novemba 1996, Hammill na Evans walikuwa na onyesho katika kanisa la Union Chapel, London. Banton na Jackson wakapanda jukwaani, na wote wanne wakapiga wimbo mmoja. Mwaka 2003 wakakutana tena vivyo hivyo katika ukumbi wa Queen Elizabeth. Desemba ya mwaka huo Hammill akapata mshtuko wa moyo. Alipona, na wenzake wakaona kwamba siku hazingoji. Wakarekodi albamu ya Present, na Mei 6, 2005 wakasimama mbele ya watu katika Royal Festival Hall ya London, wanne wale wale.

Ziara hiyo ilifika Italia pia mwaka huo. Profesa alikwenda na mwanawe. Aliporudi alinieleza kwamba jambo lililomshangaza si bendi bali watu: vichwa vyeupe safu kwa safu, na katikati yao vijana wa miaka 20 waliojua kila neno. Nyimbo hizo hawakuzipata redioni. Walizirithi.

Jackson aliondoka mwaka 2006, na watatu waliobaki wakaendelea wakatoa albamu nyingine, ya Do Not Disturb ikiwa ya mwaka 2016. Potter alifariki Januari 2013. Nayo Italia haikusahauliwa: mwaka 2021 Hammill alitoa albamu ya In Translation, ambamo aliimba kwa Kiingereza nyimbo za watunzi wengine alizozitafsiri, zikiwamo za Waitalia Fabrizio De André na Luigi Tenco. Mama yule wa posta alikuwa ametafsiri nyimbo za Hammill jikoni kwake. Miaka hamsini baadaye Hammill akafanya kazi hiyo hiyo kwa nyimbo za nchi yake yule mama.

Na sisi je?

Nilirudi Bujumbura mwaka 2006. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa ameacha sanduku la santuri katika nyumba yetu ya Buyenzi. Nyingine zilikuwa za Kinshasa, nyingine za bendi za hapa hapa mjini, ambazo zilipiga dansi Jumamosi na hazikupata kutoa santuri zaidi ya moja au mbili. Sanduku halikuwapo. Simlaumu mtu. Katika miaka ile kuni zilikuwa na thamani kuliko santuri, na aliyekuwa na mguu alikimbia na watoto, hakukimbia na muziki.

Lakini nilipoanza kuwauliza wazee juu ya bendi moja ambayo baba alikuwa akiisifu, niliwakumbuka profesa na fundi wa baiskeli. Mzee mmoja aliniambia mwimbaji alikuwa mtu wa Bwiza. Mwingine akaapa kwamba alitoka Uvira. Wa tatu akasema bendi ile haikuwa na mwimbaji mmoja, walikuwa wawili. Wote walisema kwa uhakika, na wote watatu yawezekana walikuwa sahihi kwa nyakati tofauti. Tofauti yetu na wale wa Parma ni moja tu: hapakuwa na mtu wa kwenda nyuma ya duka na kurudi na bahasha. Wawili kati ya wazee hao wameshatangulia mbele ya haki.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kulisema hilo juu ya duka. Muziki nao ni mali. Bendi ya Waingereza wanne, iliyofika namba 47 kwao, leo ina historia iliyoandikwa siku kwa siku, si kwa sababu ilikuwa tajiri au maarufu, bali kwa sababu watu wa kawaida, mtu wa posta, fundi, mwalimu, waliona kwamba walichokipenda kinastahili kuwekwa. Wapo kwetu watu waliopenda muziki wao kwa mapenzi yale yale. Walichokosa ni utulivu wa kukaa mahali pamoja na kukitunza.

Kwa hiyo tangu mwaka juzi, kila muhula, nawapa wanafunzi wangu kazi ambayo haimo katika mtaala wa fizikia. Kila mmoja anakwenda kwa babu, bibi au jirani mzee na kumuuliza maswali matatu: ulicheza dansi wapi, nani aliimba, na nani mwingine alikuwapo akaweza kushuhudia? Majibu yanaandikwa kwenye daftari, pamoja na tarehe, hata kama yanapingana. Hasa kama yanapingana.

Mpaka sasa madaftari yamefika 61. Kuna bibi mmoja wa Buyenzi ambaye, baada ya kumjibu mjukuu wake, alimwomba asubiri kidogo. Akainama chini ya kitanda na kutoa picha ya watu watano wenye magitaa, nyuma yake pameandikwa majina yote kwa kalamu. Tumeipiga nakala. Ya kwake tumemrudishia.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari mjini Bujumbura.